Nexus haifunguki ingawa Ansible imemaliza kazi

Ndugu, kwa kuwa unasema Ansible (programu ya kusanidi mashine kiotomatiki) inamaliza bila kosa lolote lakini kivinjari hakiifungui Nexus Repository (ghala la vifurushi vya programu) iliyo katika mashine pepe ya Vagrant, yaani kompyuta ya kuigiza inayoundwa na programu hiyo, ningechunguza kumbukumbu (RAM) kabla ya kuulaumu mtandao. Nexus huendeshwa na Java, na mipangilio yake ya msingi hutenga megabaiti 2703 kwa ajili ya Java peke yake, ilhali faili lako la Vagrant limeipa mashine nzima gigabaiti 1. Iongezee hadi gigabaiti 4 angalau, kisha uiwashe upya.

Vilevile, systemd, programu ya Linux inayosimamia huduma, hutangaza kwamba huduma imeanza mara tu mchakato unapoanzishwa, ingawa Nexus huweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kusikiliza kwenye poti 8081. Kwa hiyo ongeza katika Ansible hatua ya moduli ya uri (inayotuma maombi ya wavuti) inayouliza anwani ya /service/rest/v1/status na kurudia mpaka ipate jibu la 200, yaani kwamba iko tayari, ndipo ifuate ile ya kubadilisha nenosiri la admin (msimamizi). Nenosiri la kwanza limo katika faili la admin.password ndani ya sonatype-work/nexus3, na faili hilo hufutwa nenosiri likishabadilishwa. Usipoweka sharti la kulisoma pale tu linapokuwapo, utekelezaji wa pili wa Ansible utakwama hapo hapo.

Nakala ya sonatype-work, folda yenye data ya Nexus, ihifadhiwe nje ya mashine hiyo, maana amri ya vagrant destroy, inayoifuta mashine pepe, haibakizi kitu ndani yake.