GPS ya gari ya mtumba: kabla hujatoa laki mbili, iangalie ramani yake

Assalamu alaykum. Ndugu yangu umeuliza kama GPS ya mtumba, yaani kile kifaa cha kuelekeza njia kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele, inafaa kwa laki mbili, uitie kwenye Noah unayopakilia wageni wa Nungwi na Paje, na baadaye uende nayo Pemba. Waliotangulia wamekwambia "tumia simu" wakaishia hapo. Wako sawa, lakini hawakukueleza sababu, na ukiijua sababu hutababaishwa na muuzaji yeyote. Mimi nimebeba wageni Unguja miaka mingi na vifaa hivi nimevitumia, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu.

Tangu mwanzo, ulichokuwa unalipia pale ni ramani. Mawimbi ya setelaiti Marekani inayatoa bure. Hadi mwaka 2000 walikuwa wakiyapotosha kwa makusudi, kifaa cha raia kikaweza kukuweka mita 100 mbali na ulipo. Mei mwaka huo Rais Clinton akaamuru upotoshaji uzimwe, na hapo ndipo kifaa cha gari kikawa na maana, kwa sababu sasa kingeweza kujua uko barabara ipi. Kilichobaki kuwa ghali ni ile kazi ya kupita barabara moja baada ya nyingine kuandika kona, majina na njia za upande mmoja. Kampuni kubwa za kazi hiyo zilikuwa mbili, Navteq na Tele Atlas. Nokia iliichukua Navteq kwa dola bilioni 8.1, na TomTom ya Uholanzi ikaichukua Tele Atlas kwa euro bilioni 2.9, na biashara zote mbili zilikamilika 2008. Garmin, watengenezaji wa vifaa hivi kama walivyo TomTom, mwaka huo ilikuwa inapata zaidi ya theluthi mbili ya mapato yake kutokana na vifaa vya gari.

Tarehe 28 Oktoba 2009 Google wakatangaza kwamba simu za Android zitaelekeza njia kwa sauti, kona kwa kona, bila malipo. Miezi michache kabla TomTom walikuwa wameanza kuuza programu yao ya iPhone kwa karibu dola 100! Hisa za Garmin na TomTom zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 10 siku hiyo hiyo, na Januari 2010 Nokia nao wakaachia ya kwao bure. Garmin walijaribu kutengeneza simu, haikushika, wakaegemea saa za mazoezi, vyombo vya baharini na ndege, na huko wamestawi. TomTom siku hizi wanategemea zaidi kuwauzia ramani watengenezaji wa magari. Kwa hiyo hicho unachouziwa kimetoka kwenye droo ya mtu wa Ulaya aliyeacha kukitumia zamani.

Sasa njoo kwetu. Wageni walipoanza kuja na vifaa hivyo, nilikuwa nawaomba niangalie. Barabara kuu ya kaskazini utaiona, ya kusini utaiona, ukiacha lami tu panakuwa peupe. Shehia nzima zenye watu, visima, skuli na misikiti, hazimo. Hilo liliniuma na linaniuma mpaka leo, kwa sababu mgeni akiona peupe anadhani hakuna kitu. Kampuni zilipeleka magari yao penye wanunuzi, na sisi hatukuwa wanunuzi.

Walioijaza ramani yetu ni watu wengine. Kuna OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuchora barabara ya kwao na yeyote akaitumia bure. Halafu mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na vijana wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na kwa msaada wa Benki ya Dunia, walianza kurusha droni juu ya Unguja na Pemba. Picha zile ni safi kiasi kwamba unahesabu mapaa ya nyumba, na zilitolewa wazi watu wachoree. Ndiyo maana leo programu za bure kama Organic Maps au OsmAnd, zinazotumia ramani hiyo, zinaonyesha vinjia vya shamba ambavyo sijawahi kuviona kwenye kifaa cha dukani.

Kuna jambo madereva wenzangu wengi wanalikosea: GPS hailambi bando. Simu inapokea tu kutoka setelaiti, haitumi kitu. Bando linaliwa na picha ya ramani inayovutwa unapotembea. Shusha ramani nzima ya Zanzibar ukiwa kwenye waya-fai ya hoteli, kisha zima data kabisa, utafika Makangale huko Pemba bila senti. Ila bila data simu inaweza kuchelewa kujua ilipo mara ya kwanza, kwa sababu inabidi isubiri taarifa za setelaiti zinazokuja polepole, nusu dakika au zaidi. Washa programu kabla hujaondoka, ukiwa uwanjani chini ya mbingu, na si ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Mle kuta ndefu hurudisha mawimbi, na nukta yako inaruka mtaa wa pili. Mle mtegemee mwenyeji.

Na ile navigesheni iliyokuja na Noah yako kutoka Japani usihangaike nayo. Inapokea setelaiti vizuri tu, lakini ramani iliyomo ni ya Japani, kwenye diski au memori kadi, na ukichomoa betri ya gari, nyingine hujifunga mpaka uipate namba ya siri. Fundi akikuahidi ataitia ramani ya Tanzania, mwambie akuonyeshe gari nyingine aliyokwisha kuitia. Wengi wetu tumeishia kuitoa na kuweka skrini ya Android, na hapo umerudi kwenye programu zilezile za simu.

Simu ina udhaifu wake, tena mkubwa kwa hapa petu: joto. Jua la saa saba likipiga kioo cha mbele, huku inachajiwa na mwanga uko juu, kioo cha simu kinafifia au simu inajizima, na mgeni yuko nyuma anakutazama. Kifaa cha gari kimeundwa kukaa pale, kinavumilia zaidi. Dawa yake ni kishikio cha kubana kwenye tundu la kiyoyozi, upepo wa baridi uipige simu mgongoni, na chaja nzuri ya tundu la laita. Usinunue ile ya bei ya chini kabisa, itachaji polepole kuliko ramani inavyokula betri.

Ukiona bado unakitaka kifaa, kwa sababu simu yako ni ya kazi na inaita kila dakika (hiyo kwangu ni sababu ya kweli), basi kikague hivi. Kiwashe nje, ukisubiri kipate setelaiti, halafu tazama tarehe. Setelaiti za GPS hutaja tarehe kwa kuhesabu wiki, na hesabu hiyo ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa vya zamani ambavyo havikusasishwa huonyesha tarehe ya miaka karibu ishirini nyuma, vingine hata muda wa kufika vinakosea. Kisha kiambie kikupeleke Kizimkazi Mkunguni, na baadaye Konde kule Pemba. Kikichora mstari mnyoofu juu ya peupe, mrudishie mwenyewe. Muuzaji akisema kina ramani za maisha, yaani za kusasishwa bure maisha yote, ajue kwamba maisha hayo ni ya kifaa, na mtengenezaji ndiye anayeamua yameisha lini.

Lakini kama ni Garmin yenye tundu la memori kadi, mambo yanabadilika. Ramani ya OpenStreetMap hupatikana bure kwa muundo wa Garmin, unainakili kwenye kadi, unaichomeka, na vile vinjia vyote vya shamba vinatokea. Hiyo ningeinunua, ila si kwa laki mbili. Anzia elfu sitini, na muuzaji akupe na waya wake wa chaji.