Fangasi wa mizizi kitaluni: vitunguu sawa, kabichi usijisumbue

Ninaotesha na kuuza miche ya mboga hapa Ilula. Msimu wa vitalu ukifika, wateja huniuliza kama ule unga wa mikoriza, yaani fangasi wanaoishi kwa kushirikiana na mizizi ya mimea, unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo unafaa. Na mimi huwauliza: kwa miche ya nini?

Maana kabichi, sukuma wiki, figili na ukoo wao mzima hawashirikiani na fangasi hao. Spinachi na mchicha nao ni karibu hivyo hivyo. Anayemuuzia mtu wa kabichi kopo la mikoriza amemuuzia vumbi.

Kitunguu ni habari nyingine kabisa. Mizizi yake ni michache, haiendi mbali, na vinyweleo vyake ni haba. Sasa fosforasi haitembei udongoni kama naitrojeni. Mzizi ukishamaliza ile iliyo milimita chache kutoka ulipo, umebaki na njaa hata kama shamba lina fosforasi tele. Nyuzi za mikoriza, ambazo ni nyembamba kuliko kinyweleo cha mzizi, hulivuka eneo hilo lililokwisha fosforasi na kuleta fosforasi na zinki kutoka sentimita kadhaa mbele. Mche hulipa kwa sukari. Parachichi, machungwa na mihogo nayo inawategemea sana fangasi hawa. Nyanya na pilipili hoho hunufaika pia, ila si kwa kiasi cha kitunguu.

Kwa kuwa mche hulipa, huwa hauna sababu ya kulipia kitu ambacho tayari unacho. Ndiyo maana kitalu kilichojazwa DAP, ile mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, hakipati mikoriza ya maana hata ukimimina kopo zima: fosforasi ikiwa nyingi, mzizi wenyewe hupunguza ushirikiano. Ukitaka fangasi wakufanyie kazi, tumia mboji iliyoiva vizuri, na mbolea ya dukani iwe kidogo. Wengi hawapendi kusikia hili, kwa sababu mche wa DAP hupendeza machoni na hununuliwa haraka.

Kuna pia wanaochota udongo chini ya miti ya paini na kuuleta kwenye kitalu cha nyanya, wakiiga vitalu vya miti kule Mufindi. Kwa paini ni sahihi. Mti ule ni mgeni kwetu, fangasi wake hawakuwepo katika udongo wetu, na bila wao miche hubaki ya njano na kudumaa. Lakini fangasi wa paini huuvika mzizi kwa nje kama soksi. Wa nyanya na kitunguu huingia mpaka ndani ya seli za mzizi. Ni makundi mawili tofauti, na hili haliwezi kushika nafasi ya lile.

Halafu tuna desturi ya kuchoma takataka juu ya tuta kabla ya kusia mbegu. Siipingi, kwa sababu inapunguza kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza na kuanguka kwa miche michanga, na mbegu za magugu. Ila moto hauchagui. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti walieleza kwa nini miche ya machungwa ilikuwa ikidumaa kwenye vitalu vilivyofukizwa kwa gesi ili kuua magonjwa: mikoriza nayo ilikuwa imekufa. Ukichoma tuta, basi hapo ndipo kuwarudisha fangasi kuna maana kubwa. Vivyo hivyo kwa dawa za magonjwa: kabendazimu ikimwagwa kwenye udongo huwaua, wakati metalaksili, ambayo wengi tunaitumia kwa kinyausi, haiwadhuru sana.

Na usichanganye mikoriza na trikoderma. Trikoderma ni fangasi mlinzi. Huishi kwenye mboji na kuzunguka mizizi, hushambulia vimelea vinavyoleta kinyausi, na kabichi inaweza kunufaika naye bila shida. Mwenye trei za kabichi aulizie huyo.

Ukinunua mikoriza, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na ujue kopo limekaa wapi. Kopo lililokaa dirishani juani mimi silichukui. Kisha unga lazima uguse mzizi. Uchanganye na udongo wa trei au uuweke chini kidogo ya mbegu. Kuunyunyizia majani ni kazi bure.

Mimi napendelea kujitengenezea. Fangasi wa mikoriza hawakui bila mzizi hai, kwa hiyo huwezi kuwakuza kwenye pumba kama trikoderma. Chota udongo wenye mizizi chini ya nyasi za kando ya shamba. Usichote kamwe palipolimwa nyanya, maana utaleta minyoo fundo na mnyauko wa bakteria. Changanya na mchanga wa mtoni uliochemshwa kwenye pipa ukapoa, jaza ndoo zilizotobolewa, panda mtama au mahindi. Mwagilia kwa miezi mitatu hivi, mbolea kidogo sana. Kisha acha kumwagilia mpaka mimea ikauke. Ukame huo huwasukuma fangasi kutengeneza mbegu zao ndogo. Kata mashina, katakata mizizi, changanya na mchanga wake, uhifadhi mkavu kivulini. Sehemu moja kwa tisa za udongo wa kitalu inatosha.

Usitafute nyuzi nyeupe kama ushahidi. Zile unazoziona kwenye mboji ni fangasi waozeshaji. Mikoriza ya mboga haionekani kwa macho. Badala yake, acha trei moja bila kuitia kitu, uipande kando ya zile nyingine. Kwa miche ya nyanya ya wiki nne unaweza usione tofauti yoyote kitaluni. Itazame shambani, hasa maji yakipungua. Na kama shamba lenyewe limeshiba DAP tangu misimu iliyopita, hela ya kopo inunulie mboji.