Betri ya moyo na umeme wa mtaani: kwa wauguzi wapya wa Kigoma

Ninyi mnaoanza kazi katika kliniki za Kigoma mtakutana, ingawa si mara nyingi, na wagonjwa waliowekewa betri ya moyo (pacemaker), kifaa kidogo kinachousukuma moyo upige kwa umeme, Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambao maswali yao huzaliwa wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani. Kabla ya kumkataza mgonjwa chochote, muulizeni anafanya kazi gani na simu yake huiweka wapi.

Kifaa hicho, ambacho mara nyingi hukaa chini ya ngozi karibu na mtulinga wa kushoto, husikiliza umeme mdogo wa moyo unaopimwa kwa milivolti. Umeme wa nje ukipenya, kinaweza kuudhania kuwa mapigo ya moyo kikanyamaza, na mgonjwa anayekitegemea akashikwa na kizunguzungu au akazimia. Sumaku ina tabia nyingine: betri ya kawaida huwa inapiga kwa mwendo mmoja bila kusikiliza, ilhali kifaa cha aina nyingine, kile cha kushtua moyo (ICD), huweza kuzuiwa kutoa mshtuko wa kuokoa maisha kwa muda wote sumaku ikiwa juu yake.

Kinga kubwa ni umbali. Simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa na isikilizwe kwa sikio la upande wa pili. Mfuko wa shati haufai, na akina mama wanaohifadhi simu kwenye sidiria waambiwe wazi. Redio na televisheni havina neno, nami sioni sababu ya kuwatisha watu navyo.

Fundi wa kuchomelea, awe wa Mwanga au Ujiji, ndiye anayestahili muda wenu. Baadhi ya watengenezaji huruhusu umeme usiozidi ampea 160, mradi cheche na nyaya ziwe sentimita 60 kutoka kifuani, kibano cha waya wa ethi kifungwe karibu na anapochomelea, nyaya zisitundikwe begani, na asifanye kazi peke yake. Lakini ruhusa hiyo hutolewa na daktari wake wa moyo, si ninyi. Akihisi kizunguzungu, aache mara moja na asogee mbali, kwani kwa kawaida kifaa hurudia kazi yake.

Hospitalini kwenyewe, diathemia ya fiziotherapia, yaani tiba ya joto la mawimbi ya umeme, asifanyiwe, na chumba cha upasuaji kiarifiwe mapema kwa sababu ya kisu cha umeme. Nakilini kadi ya kifaa kwenye faili lake, maana siku akiandikiwa kipimo cha MRI, yaani picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku kubwa, aina ya kifaa ndiyo itakayoulizwa kwanza.