Mwalimu wa Upinde Anajibu: Vidole Vyote Chini, au Mshale Katikati?

*Shikamoo mwalimu. Nimechongewa upinde wa mbao wa paundi 40 (nguvu ya kuuvuta) na fundi wa hapa kwetu, na kila jioni napiga gunia la nyasi kwa umbali wa mita 15. Upote, yaani uzi wa upinde, naushika kwa vidole vitatu: cha shahada juu ya mshale, cha kati na cha pete chini yake. Rafiki yangu ananihimiza niviweke vyote vitatu chini ya mshale. Mjomba wangu yeye hubana mkia wa mshale kwa kidole gumba na cha shahada, na anatucheka sote wawili. Shida yangu ni kwamba mshale hunidondoka kabla sijaachia, na ncha ya kidole cha pete hufa ganzi mpaka usiku. Nimsikilize nani? – Msomaji, Voi*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na ganzi, maana hiyo haisubiri. Weka upinde chini hadi hisia irudi kabisa kwenye kidole. Ikichelewa kurudi, nenda ukaonane na daktari. Paundi 40 ni nzito mno kwa mkono unaojifunza; tafuta wa paundi 25 hivi, na huo wa fundi uutundike ukutani kwa sasa. Kisha usivute tena kwa vidole vitupu. Mpelekee fundi viatu kipande cha ngozi ya ng'ombe, laini upande wa upote, akukatie kinga ya vidole yenye tundu la kupitisha kidole cha kati. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, upote utaupata mfupa vilevile.

Sasa tazama upote unakaa wapi kwenye vidole vyako. Naamini unauning'iniza kwenye ncha, kwa kudhani ndipo utakapotoka upesi. Hapo ndipo mishipa ya fahamu inapobanwa. Uweke kwenye mkunjo wa kwanza wa kila kidole, mgongo wa kiganja ubaki umenyooka, na kidole cha kati ndicho kibebe sehemu kubwa ya uzito. Cha pete kisaidie tu. Wakati wa kuachia usivifungue vidole kwa nguvu. Vilegeze, upote utajitoa wenyewe.

Mshale kudondoka ni jambo jingine. Unapovuta, upote unakunjika kwenye vidole, na pembe hiyo inavisogeza cha shahada na cha kati vikutane. Vinaubana mkia, na mshale unanyanyuka kutoka pale unapolala. Acha nafasi ndogo kati ya vidole na mkia, au mwambie fundi ashone kipande kinene cha ngozi katikati ya ile kinga. Simama mbele ya kioo ukiwa na mshale butu, hakikisha hakuna mtu upande unaoelekea, vuta nusu, kisha urudishe polepole. Utauona mkono wako ukifanya kosa lenyewe. Ila usiachie kamwe upinde usio na mshale, utapasuka.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari ya rafiki yako. Ukiweka vidole vyote chini na mkono ukagusa palepale usoni, mshale unapanda karibu na jicho. Kwa mita 15 hilo ni faida kubwa: ncha ya mshale haiko chini sana ya shabaha, nawe unaweza kuitumia kulengea. Na hakuna kidole juu, kwa hiyo kubana mkia kwa namna ile kunakwisha. Mshale ukiwa katikati ya vidole, unakaa chini zaidi ya jicho, na umbali ambao ncha inaangukia shabaha yenyewe unakuwa mrefu zaidi. Anayepiga mbali, au anayetazama shabaha tu bila kuijali ncha, huyo mshale katikati unamfaa.

Kwako wewe, kwa gunia lako la mita 15, nakushauri vyote vitatu chini. Lakini usibadilishe mkono ukaacha upinde ulivyo. Lile fundo la uzi linaloonyesha mahali pa kuweka mkia lipandishe. Kama lilikuwa milimita 10 juu ya usawa wa pale mshale unapolala, jaribu 15, kisha ongeza kidogo kidogo hadi mshale uache kuruka mkia ukipanda na kushuka. Funga fundo la pili chini ya mkia, ili mshale usiteleze kwenye upote. Mwulize na fundi aliuchonga upinde kwa mshiko gani. Wengi huuacha mkono wa chini wa upinde, yaani nusu yake ya chini, ukiwa mgumu kidogo kuliko wa juu, kwa ajili ya anayeweka mshale katikati. Ukishusha vidole vyote, mzigo unahamia chini na upinde unapiga kelele zaidi. Fundi mzuri atausawazisha kwa kukwangua kidogo.

Na mjomba umheshimu. Mwaka 1885 Mmarekani Edward Morse, mtaalamu wa wanyama aliyewahi kufundisha Japani, alichapisha utafiti juu ya namna mataifa yanavyoachia mshale, na huo mshiko wa kubana mkia aliuweka wa kwanza kwenye orodha yake. Unafanya kazi vizuri kwenye upinde mwepesi. Kwenye mzito mkia unachomoka, ndiyo maana wengine huongezea vidole vingine kwenye upote kusaidia kuvuta. Mwangalie mkono kwa karibu akivuta, huenda naye anafanya hivyo. Usichanganye na mshiko wa Wamongolia, ambao kidole gumba chenyewe ndicho kinachoukunjia upote, kikilindwa na pete ya pembe au mfupa. Huo ni mzuri sana, ila kwa anayevuta kwa mkono wa kulia mshale hulala upande wa kulia wa upinde, na utalazimika kujifunza upya karibu kila kitu.

*Mwalimu, binti yangu ana miaka 9 na anapenda upinde kuliko mpira. Anashika mkia wa mshale kwa vidole viwili kama kalamu. Nimkataze? – Mama, Arusha*

Usimkataze, mwelekeze. Watoto wengi huanza hivyo bila kufundishwa. Mpe upinde wa paundi 10 hadi 15, mfundishe vidole vitatu chini ya mshale, na gunia liwe mita 5 tu kutoka aliposimama. Mishale akaichomoe baada ya wote kumaliza kupiga, akitembea na si kukimbia. Na kinga ya ngozi ikatwe kwa kipimo cha mkono wake, kwa sababu kinga ya mtu mzima itamfunika vidole vyote na hatausikia upote.