Kulia kwa jukwaa ni kulia kwa nani? Jibu kwa mwanafunzi wa Masasi

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba umejiunga na kikundi cha maigizo hapo Masasi, kwamba mwongozaji akikuambia uende kulia wewe huelekea kushoto, na kwamba unaambiwa "unaigiza mno" bila kuelezwa ufanye nini badala yake. Najibu kwa niliyoyaona nikiigiza na kuwafundisha vijana huku Mtwara na Lindi.

Kulia na kushoto kwa jukwaa huhesabiwa kwa mwigizaji aliyeielekea hadhira, si kwa anayetazama. "Chini" ni upande wa karibu na watazamaji na "juu" ni upande wa nyuma, kwa sababu katika majumba mengi ya kale ya Ulaya sakafu ya jukwaa iliinuka kadiri ilivyokwenda nyuma. Mwenzako akisimama juu yako, utalazimika kuwapa watazamaji mgongo ili umjibu; ndiyo maana waigizaji wazoefu husimama mshazari, bega moja likimwelekea mwenzao na uso ukibaki wazi kwa hadhira. Kila hatua uliyopangiwa iandike kwa penseli kando ya maneno yako, kisha uitembee hadi miguu iikariri.

Hilo la kuigiza mno ndilo zito. Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji Mrusi aliyeshiriki kuanzisha jumba la maigizo liitwalo Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, alisisitiza kwamba mwigizaji ajiulize mhusika wake anataka nini, na angefanya nini iwapo yeye mwenyewe angekuwa katika hali ile. Binti mmoja niliyemfundisha aliigiza mkulima wa korosho aliyepunjwa kwenye mzani, naye alilia tangu sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho, nasi watazamaji hatukuguswa. Nilimuuliza mama huyu anataka nini kwa karani. Akafikiri, akajibu: "Anataka gunia lipimwe tena." Aliporudia, hakutoa chozi, aliweka kiganja juu ya gunia, akamkazia macho karani, akasema taratibu, "Pima." Ukumbi mzima ulinyamaza. Tangu hapo sikubali mwanafunzi aniambie mhusika wake ana huzuni mpaka kwanza ataje anachokitaka na kinachomzuia.

Nguvu ya sauti nayo haitoki kooni. Lala chali, weka mkono tumboni, vuta pumzi mpaka mkono uinuke, kisha uitoe polepole kwa "sss" bila kukatika. Ukizoea, zungumza kwa pumzi hiyo hiyo ukiwa umesimama. Zaidi ya yote, linda silabi ya mwisho. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ile ya mwisho hufifia kwa urahisi, na upepo wa pwani ukivuma huipeperusha kabisa, ilhali tofauti ya "ameiba" na "ameibwa" imo humo humo. Nimeona kisa kizima kikipotea kwa watazamaji wa safu za nyuma kwa sababu hiyo.

Kuhusu mwili, usiende mbali kutafuta mwalimu. Mtazame mchezaji wa mapiko wa Kimakonde: uso wake umefichwa na kinyago, hana wa kumwonyesha tabasamu wala machozi, na bado unamtambua mhusika kwa mabega, kwa magoti na kwa namna anavyogeuza kichwa. Fanyeni zoezi hilo kikundini kwa kufunga nyuso kwa kitambaa chepesi cha kupitisha pumzi, kila mmoja aingie kama mzee, mgonjwa au mdeni, na wenzake wamtambue.

Jambo la mwisho ni la vijijini, ambako mara nyingi watu huwazunguka waigizaji pande zote. Hapo kulia na kushoto havisaidii tena, kwa hiyo gaweni uwanja kama uso wa saa, mkubaliane namba kumi na mbili iko upande gani, labda penye mti au lango, kisha kila mmoja apangiwe aingilie penye namba gani. Usisimame mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa sababu daima kuna watu wanaouona mgongo wako tu.