Funga Kitabu Kabla Mpelelezi Hajasema

Wanangu wawili wamekulia kwenye riwaya za upelelezi, na wazazi wenzangu huniuliza nazichaguaje. Jalada silitazami sana. Naanzia nyuma: nasoma mwizi alivyogunduliwa, halafu narudi mwanzoni kuusaka ushahidi huohuo. Nikiukuta umetajwa mapema, hata kwa sentensi ya kupita tu, nakichukua. Kama polisi ndio wanaokuja na jibu, au mwizi ni mtu ambaye hatujawahi kukutana naye, nakirudisha. Mtoto aliyekuna kichwa kitabu kizima akaishia kuletewa jibu na mtu mzima huona ameonewa, na ana haki.

Emil und die Detektive, riwaya ya Mjerumani Erich Kästner ya mwaka 1929, inafaulu mtihani huo. Emil anapanda treni peke yake kwenda Berlin. Pesa alizokabidhiwa na mama yake amezibana kwa pini kwenye bitana ya koti. Anasinzia, anaibiwa. Baadaye mwizi anabanwa benki, anashikilia kwamba noti ni zake. Noti haina jina la mtu, sasa nani atabisha? Ila hizi zina vitundu vya pini. Msomaji ameiona pini hiyo tangu mapema, akadhani ni wasiwasi tu wa mtoto msafiri. (Samahani kwa kuwafichulia, kitabu cha umri huo nadhani naruhusiwa.)

Sasa, mkifika ukurasa ambao mpelelezi anavuta pumzi ili aeleze, funga kitabu. Uliza: unamshuku nani, na kwa nini? Hilo la pili ndilo lenye kazi. Binti yangu aliwahi kumtuhumu mtunza bustani eti kwa sababu ana masharubu. Sikumbishia. Nilimwambia anionyeshe ni wapi kitabuni masharubu yameiba kitu. Akaanza kupekua, na katika kupekua akakumbana na viatu vyenye tope vya yule mgeni aliyeapa kwamba hakutoka nje usiku kucha. Akanyamaza kidogo, kisha akamwachia huru mtunza bustani. Wakati huo unamwona mtoto anafikiri kwa macho. Usimpe jibu hata akubembeleze vipi, na akikosea kabisa, endeleeni tu kusoma. Kitabu kitamsahihisha bila wewe.

Daftari la washukiwa? Mkubwa wangu analipenda, anachora hadi mishale. Mdogo analiona kama kazi ya shule, kwa hiyo yeye tunaongea tu.

Kwa anayeanza kusoma mwenyewe, tafuta vitabu ambavyo kila sura ni kesi yake, maana dalili ya wiki iliyopita ameshaisahau. Wala msihangaike na maiti na bastola. Kwa umri huo, paka aliyepotea ni kesi nzito vya kutosha.