Usilipe hicho kifurushi cha Mauritius kabla hujajua mti unaoufuata uko bustani gani

Mkuu, simama hapo hapo. Usilipe.

Umesema wakala amekupangia siku 4 Mauritius wewe na shemeji, mnataka kuona bustani zenye minazi ya kila jamii, naye amekuwekea "Ziara ya Kaskazini" kwa basi la pamoja, bustani ya Pamplemousses huko kaskazini mwa kisiwa ikiwa ndani yake, na nusu ya pesa unalipa Ijumaa. Ukauliza mwezi gani mzuri, chakula halali kinapatikana vipi, na kama siku moja ya bustani inatosha. Nimesoma tumbo likanikaza, maana karatasi kama hiyo niliishika mkononi mwaka 2018.

Mimi nina kitalu cha miche Bunju, kando ya barabara. Minazi ya mapambo ndiyo inayosomesha wanangu: ile mirefu ya kupanga langoni, na ile ambayo shina lake limetuna chini kama chupa. Huo wa chupa asili yake ni Round Island, kisiwa kidogo kaskazini mwa Mauritius. Sasa una ndugu yake, jina la kitaalamu Hyophorbe amaricaulis, ambaye duniani kote umebaki mti mmoja. Mmoja, mkuu, si mmoja kwa kila nchi. Maua yake ya kiume na ya kike hayafunguki pamoja, kwa hiyo hata kujichavusha ni tabu. Wataalamu wamewahi kuotesha viini vya mbegu zake maabara, miche ikafa ilipohamishiwa udongoni. Ukiwa umewahi kuamka asubuhi ukakuta miche mia mbili imelala chini kwenye viriba vyake, hutasoma habari hiyo ukapita.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa ameikata picha ya mti huo gazetini akaibandika kwenye kibanda cha samadi. Alifariki hajauona. Nikaweka akiba miaka mitatu ili nikasimame mbele yake kwa niaba yake.

Sikia sasa ilivyokuwa. Nilikwenda kwa wakala mmoja mjini, jina simtaji, nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: HYOPHORBE AMARICAULIS. Nikamwambia safari yote ni ya mti huu, mengine ni nyongeza. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Umo humo, kaka. Ukiingia Pamplemousses umeona minazi yote ya Mauritius." Nikamwamini kwa sababu alisema bila kusita. Nikalipa milioni nne na laki mbili, tiketi na hoteli ya ufukweni Grand Baie, hairudishwi hata senti.

Mti huo haupo Pamplemousses. Upo Curepipe, kwenye bustani nyingine kabisa, katikati ya kisiwa huko juu kwenye baridi na mvua, umezungushiwa uzio wa chuma.

Hilo nilikuja kulijua saa tisa kasoro alasiri, siku ya tatu, nikiwa ndani ya bustani isiyo yake. Basi lilitukusanya hoteli kwa hoteli mpaka saa tano. Likatupeleka kiwanda cha meli za mbao za mapambo, tukasubiri watu wanunue. Likatupeleka duka la vito, tukasubiri tena. Chakula cha mchana. Tulipofika Pamplemousses tukaambiwa dakika 50. Bustani ya hekta zaidi ya 30, iliyoanza enzi za Wafaransa, ambayo Mfaransa Pierre Poivre aliijaza mimea ya viungo karne ya 18, yenye aina zaidi ya 80 za jamii ya minazi, dakika 50! Muongozaji akatukimbiza moja kwa moja kwenye bwawa la yale mayungiyungi yenye majani makubwa kama sinia, watu wakapiga picha, zikaondoka dakika 20.

Nikamvuta mzee mmoja mtembeza wageni wa pale bustanini, nikamwonyesha karatasi yangu. Akaisoma, akanishika bega. "Curepipe," akasema, na akanionyesha kwa mkono upande wa kusini, ilikotoka barabara ya uwanja wa ndege. Dereva nikamsihi, akasema basi ni la watu thelathini. Kweli, hakuwa na kosa. Kesho yake ndege yangu ilikuwa alfajiri.

Na hili ndilo linaloniuma hadi leo: barabara kuu ya kutoka uwanja wa ndege kwenda Port Louis, mji mkuu, inapita ubavuni mwa Curepipe. Nilipita pale siku ya kufika nikiwa nimelala kwenye gari, nikapita tena siku ya kuondoka gizani. Mara mbili nilikuwa jirani na mti pekee wa aina yake duniani, nimetoka Dar kwa ajili yake, na sikuuona. Wenye kucheka chekeni, lakini niacheni nimalize.

Wakala niliporudi akaniambia, "Si bustani zote ni miti tu, kaka?" Mtu anayekula kwa kuuza safari za watu! Angesema tu hajui, ningetafuta mwenyewe kwa jioni moja. Mwongo wa namna hii ni mbaya kuliko mwizi, kwa sababu unampa pesa na unamshukuru.

Kwa hiyo mkuu: chagua mti kwanza. Mti ndio ukuonyeshe bustani, bustani ndiyo ikuonyeshe pa kulala, tiketi iwe ya mwisho. Kaa na shemeji leo usiku mwandike miti mitano mnayotaka kuiona kwa macho, halafu kila mmoja mtafute ulipo.

Ukiufuata wa Curepipe, lala huko huko usiku wa kwanza ukitokea uwanja wa ndege, asubuhi uingie bustanini na mwavuli. Ukifuata talipoti, wa jamii hiyo hiyo ya minazi, ule unaokaa miaka 30 hadi 80 bila ua, kisha unachanua mara moja tu kileleni na kufa, hapo ndipo Pamplemousses, na uipe siku nzima. Hamia Port Louis, panda basi la kawaida la abiria, lipa kiingilio getini, chukua mtembeza wageni wa bustani yenyewe na umwambie unataka minazi, mayungiyungi baadaye.

Na ukibadilisha mawazo ukaenda Shelisheli, mtego ni ule ule. Watakuuzia Mahé, kisiwa kikuu, kwa kuwa ndege inatua huko. Bustani ya pale Victoria, mji mkuu, ni nzuri, ina koko-de-mer, mnazi wa asili wa visiwa hivyo, mmojawapo alioupanda mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza mwaka 1956. Lakini msitu wenyewe, Vallée de Mai, ambako aina zote 6 za jamii ya minazi za asili ya visiwa hivyo zinaota pamoja, uko Praslin, kisiwa kingine, kama saa moja kwa boti. Ukilala Mahé ukadhani utachungulia Praslin kwa mchana mmoja, utarudi huku kuandika kama ninavyoandika mimi.

Ijumaa haijafika. Mpigie wakala wako sasa hivi umuulize swali moja: mnazi uliobaki mmoja duniani uko bustani gani? Akikujibu Pamplemousses, nusu ya pesa ibaki mfukoni mwako.